Safari ya maji na watoto: mazungumzo ya siku ya kilo

 Wamama mlioleta watoto kwa kilo, na ninyi wenye mimba mliokuja kupimwa, sikieni. Kaeni vizuri kwenye benchi. Mtoto akilia, mnyonyeshe tu, hapa hakuna haya. Na juu ya haya nitasema zaidi mbele kidogo, kwa sababu leo haya ni jina la ugonjwa mmoja ninaotaka kuwafundisha.

Mwezi wa saba unakaribia. Masomo yatafungwa, watoto watapewa matokeo yao, na hapa Makomeno nyumba nyingi zitabaki na mtu mmoja tu wa kulinda. Wengine kati yenu mtapanda gari mpaka Kasenga, na kutoka pale mtafuata mto Luapula. Wengine mtaenda Kilwa ao Pweto, kando ya ziwa Moero. Wengine mtashika treni mpaka Bukama, halafu mashua juu ya Lualaba mpaka Kikondja, Malemba-Nkulu ao Ankoro. Wengine mtafika mbali zaidi, Kalemie ao Moba, kwenye ziwa Tanganyika.

Safari hizo ni nzuri. Mtoto wa mji anapaswa kumjua kambo yake, kula samaki iliyotoka kwenye maji asubuhi ile, na kusikia luga ya wazee wake. Sikuja kuwakataza kusafiri. Nimekuja na neno moja, na mkisahau mengine yote, shikeni hili: safari ya maji inapona ao inaharibika wakati mama angali anasimama juu ya udongo mkavu. Ukisha kuingia na mashua ikatoka, nguvu yako inabaki ndogo. Pale kando ya maji ndipo unapokuwa na nguvu.

JAMBO LILILONIPATA

Ninyi mnaniona hapa na nguo nyeupe, mnafikiri mwalimu wa wauguzi hawezi kufanya ujinga. Sikieni.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri na dada yangu mdogo kwenda kilio cha mjomba wetu, katika kijiji kimoja kando ya mto. Tulikuwa na watoto watatu. Tulifika kwenye kivuko saa tano ya asubuhi. Baleniere ilikuwa imejaa: magunia ya mihogo chini, mifuko ya makala juu yake, mbuzi, pikipiki mbili, na watu juu ya vyote. Niliangalia pembeni ya mashua. Kutoka maji mpaka juu ya ubao, palibaki vidole vinne tu.

Nilijua. Nimesoma, nimefundisha, nilijua kabisa. Nikamwambia dada yangu kwa sauti ndogo, “Tungojee nyingine.” Kijana wa mashua akasikia, akacheka: “Mama, ingia tu, nafasi iko! Weye unaogopa maji kama mzungu?” Watu wakacheka. Shangazi yetu mzee, aliyekuwa ameketi tayari, akasema, “Ni hawa wa Lubumbashi. Tutazika mjomba bila wao.” Na falanga nilikuwa nimelipa yote. Nikaona haya. Nikapanda na watoto watatu.

Katikati ya mto hakuna neno baya lililotokea. Tulifika. Na kwa kuwa tulifika, watu wote wakasimama mara moja, kila mtu anataka kushuka wa kwanza. Mashua ikalala upande mmoja. Mtoto wa dada yangu, wa miaka 4, akaanguka kati ya mashua na miti ya kivuko. Sikumwona tena. Niliona maji tu.

Kijana mvuvi aliruka, akamtafuta kwa miguu, akamtoa. Mtoto hakupumua. Nilimlaza pale pale kwenye matope, nikampa pumzi yangu. Nitawafundisha namna nilivyofanya. Akatapika, akalia. Wamama, sijasikia tena wimbo mzuri kama kilio kile. Leo yeye ni kijana mrefu kunipita.

Lakini kosa lilikuwa la nani? Wenye mashua walikosa, ndiyo. Na mimi je? Mimi nilijua nikanyamaza, kwa ajili ya haya mbele ya watu na falanga kidogo. Haya ile ndiyo ugonjwa ninaowaambia. Inaua watoto.

HAYAKUTUPATA SISI PEKE YETU

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa kwa kuzama duniani pote. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 5. Ni watoto wa umri wa hawa mlionao mgongoni.

Tarehe 20 Septemba 2018, katika Tanzania, kivuko kinachoitwa MV Nyerere kilitoka kisiwa cha Ukerewe kwenda Ukara, juu ya ziwa Victoria. Kiliundwa kubeba watu 101. Siku ile kilibeba zaidi ya mara mbili, na mizigo pia. Kikapinduka. Wapi? Si katikati ya ziwa. Ni karibu na ngazi ya kushukia, watu wa Ukara wakikiona kwa macho. Zaidi ya watu 220 walikufa.

Na kwetu hapa Kongo, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyoitwa Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Watu wengi walipita maji kwa sababu vita vilifunga barabara. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema watu 278 walikuwa ndani. Nayo ilizama ikiwa karibu kufika kwenye kivuko cha Kituku.

Mmeona? Ukara na Kituku, zote mbili zilikuwa karibu kabisa na kufika. Mama anaogopa katikati ya maji, halafu akiona miti ya nyumbani anafungua moyo, anasimama, anaita shemeji yake kwa mkono. Saa ile ile ndiyo ya hatari.

1. MBELE YA KUTOKA NYUMBANI

Chagua wakati. Vakansi kubwa inaanguka katika kipwa, na katika miezi ile upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu juu ya Tanganyika. Mawimbi yanapanda. Ziwa Moero halina kina kirefu kama Tanganyika, lakini lina urefu wa zaidi ya kilometa 100, na maji yasiyo na kina kirefu yanachafuka upesi. Vakansi za Noeli na Pasaka nazo zinaanguka katika mvua, na mvua inakuja na radi na upepo wa gafula. Kwa hiyo ulizeni wavuvi, si wenye kuuza tiketi. Mvuvi akivuta bwato lake juu ya mchanga, na wewe ngojea. Mara nyingi asubuhi ni bora kuliko mchana. Usiku, hapana kusafiri na watoto.

Fungeni falanga ya kulala. Hili ni neno kubwa. Katika fundo la kikwembe, weka falanga ya kutosha kulala usiku mmoja kwenye kivuko na kununua bukari ya watoto. Usiiguse kwa neno lingine. Kwa nini mama anapanda mashua mbaya? Mara nyingi ni kwa kuwa hana mahali pa kulala. Mwenye falanga ya kulala anaweza kusema “sipandi”. Na kama inawezekana, usilipe yote mbele ya kuona mashua ikiwa imepakiwa.

Tafuta kitu cha kuelea. Jile ya kuokoa ndiyo bora, na ya mtoto iwe ya kipimo cha mtoto. Jile ya mtu mkubwa inateleza kichwani mwa mtoto na kumwacha majini. Kama jile haiko, usiende mikono mitupu. Bidoni tupu ya litre 5 yenye kifuniko kinachokaza vizuri inamsaidia mtoto kuelea akiikumbatia kifuani. Ya litre 20 inamsaidia mtu mkubwa. Usifunge bidoni shingoni mwa mtoto. Mfundishe nyumbani kuikumbatia, kama mchezo. Lakini jueni kwamba bidoni ni msaada wa maskini, haitoshani na jile.

Mwenye mimba ya mwezi wa mwisho abaki karibu na materenite. Na wenye mimba wengine, chukueni kadi yenu ya kupimwa. Kadi ya mtoto pia. Zifungeni ndani ya sashe ya plastiki.

Mwachie jirani neno. Mwambie: ninakwenda mahali fulani, ninapita kivuko fulani, nitapiga simu siku fulani. Mashua nyingi hazina orodha ya majina. Pasipo orodha, hakuna anayejua nani wa kutafuta.

2. KANDO YA MAJI: ANGALIA MAMBO MATANO

Ukifika, usikimbie kupanda. Weka mizigo chini, shika watoto, simama na uangalie.

La kwanza, ubao. Angalia kutoka maji mpaka juu ya ukingo wa mashua. Mimi sasa ninapima kwa mkono. Kwa baleniere yenye motere, ninataka mkono mzima, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Kwa bwato dogo la kuvuka mto, nisiyaone maji karibu kuliko shubiri moja. Na pima wakati wote wamekwisha kuingia, si wakati mashua ingali tupu.

La pili, mizigo. Vitu vizito vinapaswa kukaa chini na katikati. Ukiona magunia yamepangwa juu kama nyumba ya gorofa na watu wameketi juu yake, mashua ile inataka kulala.

La tatu, maji ndani. Kidogo ni kawaida kwa mashua ya mbao, na mtu mmoja atakuwa na kopo la kuyatoa. Lakini kama watu wawili wanatoa maji bila kupumzika, na mashua haijaondoka, hiyo si mashua ya mtoto wako.

La nne, mwenye kuendesha. Msalimie. Mpe jambo, sikia namna anavyojibu. Kama pombe inanuka, umepata jibu lako.

La tano, jile. Uliza: “Jile ziko wapi?” Usiseme “ziko?”, sema “ziko wapi?” Zikiwa zimefungwa chini ya magunia, ni kama haziko. Omba ya kwako na ya kila mtoto, zivae mbele ya mashua kutoka.

Kama mambo hayo si mazuri, sema: “Sipandi.” Si lazima ueleze. Si lazima ugombane. Watacheka? Waache wacheke. Mara nyingi mama mmoja akisema “sipandi”, wa pili anapata nguvu ya kusema, na wa tatu. Na wakishuka watano na magunia yao, mashua inainuka, na wale wanaobaki nao wanapona. Basi mama aliyekataa amewaokoa hata waliomcheka.

3. MTOTO MCHANGA: MBELE, SI MGONGONI

Wamama, mgongo wetu ni kitanda cha mtoto tangu zamani. Lakini ndani ya mashua, hapana. Sikieni sababu. Mtu akianguka majini na jile, jile inamlaza chali, uso juu. Na mtoto aliyefungwa mgongoni atakuwa wapi? Chini ya mama yake, ndani ya maji.

Mkalishe mbele, kifuani. Ukitaka kikwembe, kifunge kwa fundo moja la kuvuta tu, si mafundo mawili ya kukaza. Usimfunge mtoto kwa mashua, wala kwa mzigo, kwa maana chombo kikizama kitamvuta. Usivae jile juu ya mtoto, kumfunika pamoja na wewe, utamkaba. Na nguo yako iwe nyepesi. Vikwembe vitatu na koti vikilowa vinavuta miguu kama mawe.

Kama una watoto wengi, kila mtoto awe na mkubwa wake mmoja. Sema majina kwa sauti: “Weye dada, unaangalia huyu. Weye kijana, unaangalia huyu.” Mtoto wa watu wote ni mtoto asiyeangaliwa na mtu.

4. NDANI YA MASHUA

Keti chini, karibu na katikati. Usiketi ukingoni, na mtoto asining’inize mikono majini. Mikono inaweza kubanwa kati ya mashua mbili, na mahali pengine mamba iko.

Usibadilishe mahali bila kumwambia mwenye kuendesha. Mkiona kiboko, ao samaki kubwa, ao mashua nyingine ikipita na muziki, hapana kukimbilia wote upande mmoja.

Moto. Tarehe 15 Aprili 2025, kwenye mto Kongo karibu na Mbandaka, mashua kubwa ya mbao yenye jina HB Kongolo ilishika moto. Walionusurika walisema ulianza pale mama mmoja alipokuwa akipika. Watu wengi walikufa, wengine kwa moto, wengine kwa maji, na kati yao walikuwa wanawake na watoto walioruka bila kujua kuogelea. Mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa kama sisi, alitaka kulisha watu. Lakini mbao, esanse na mbabula havikai pamoja. Pikeni nyumbani: mihogo ya kuchemsha, mikate, karanga, mayai, ndizi. Ukiona mtu anawasha mbabula ndani ya mashua ya mbao, mwambie kwa heshima: “Mama, tafazali, tule baridi leo, tutakula moto tukifika.” Mpe sehemu ya chakula chako. Neno tamu na mkate vinazima moto mbele haujawaka.

Jua la juu ya maji linachoma mara mbili, kutoka mbinguni na kutoka majini. Funika kichwa cha mtoto. Mnyonyeshe mara nyingi. Na mtoto aliyelowa kwa mawimbi, mvue nguo mbichi, mpanguse na umvike kavu, hata kama jua linawaka, kwa sababu upepo unamwibia joto.

5. MKIKARIBIA KUFIKA

Kaeni. Kaeni. Ninasema mara ya tatu: kaeni.

Kaeni mpaka mashua imefungwa kwa kamba, mbele na nyuma. Waache wenye haraka watoke. Mizigo itashuka baadaye, haina roho. Akisha kushuka mkubwa mmoja na kusimama vizuri juu ya ubao ao udongo, mpe mtoto mkononi. Usimrushe, na usipite juu ya ubao mwembamba na mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na beseni kichwani. Nenda mara mbili. Dakika tano ni bei rahisi.

6. MTU AKIANGUKA

Asiyejua kuogelea asiruke. Tumezika mara nyingi wawili badala ya mmoja: mtoto na mama aliyeruka nyuma yake. Piga kelele, onyesha kwa kidole mahali alipo na usiondoe macho pale. Mtupie bidoni, jile, ubao, kamba. Mfikishie kasia ao kikwembe kirefu, wewe ukiwa umelala kifudifudi na mtu anashika miguu yako. Mwenye kuendesha azime motere kabla ya kumkaribia.

Mashua ikipinduka lakini inaelea, shikeni mashua. Usiogelee kwenda kando hata ukiona ni karibu. Mbao inaelea na inaonekana kutoka mbali.

7. MTOTO ALIYETOLEWA MAJINI

Sasa tazameni mwanasesere huyu mkononi mwangu. Usimning’inize miguu juu. Usimbonyeze tumbo ili maji yatoke. Unapoteza wakati, na matapishi yanaingia katika mapafu. Kinachomkosekania ni hewa. Mpe hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mguse. Angalia kifua: kinapanda? Kama hapumui ao anashika pumzi moja moja ya kuvutavuta, mtume mtu kutafuta msaada na wewe anza.

Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo. Kwa mtoto mchanga, kichwa kikae sawa tu, usikirudishe sana. Ondoa matope unayoyaona kinywani. Kwa mtoto mkubwa kidogo, banisha pua na weka kinywa chako juu ya kinywa chake. Kwa mchanga, kinywa chako kifunike kinywa na pua pamoja. Pulizia polepole mpaka uone kifua kinapanda. Fanya hivyo mara 5.

Kama hajaamka, sukuma kifua katikati, juu ya mfupa, mara 30, upesi, karibu mara mbili kwa sekunde moja. Kwa mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua. Kwa mtoto mkubwa, kiganja cha mkono mmoja. Kifua kishuke sehemu moja ya tatu ya unene wake. Halafu pumzi 2. Tena 30, tena 2. Usiache mpaka apumue, ao mwenye kujua zaidi afike, ao nguvu zako ziishe kabisa.

Akipumua, mgeuze ubavu, mvue nguo za maji, mfunike. Na sasa sikieni: mpeleke kwa munganga siku ile ile, hata akicheka, hata akiomba bukari. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa chache baadaye, usiku, wote wakiwa wamelala.

8. MAJI YA KUNYWA

Katika vijiji vya kando ya Luapula, Moero na maziwa ya Lualaba, kolera inarudi mara kwa mara. Maji ya ziwa yanaonekana meupe, lakini macho hayaoni kolera. Chukueni bidoni ya maji yaliyochemshwa, ya kunywa tu, msiichanganye na ile ya kuelea. Mtoto akijisaidia safarini, tumia kopo lenye kifuniko, na nawa mikono kwa sabuni.

Mtoto akiharisha, hapana kungojea kufika. Maji safi litre 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Koroga. Mpe kidogo kidogo, na uendelee kumnyonyesha. Akiharisha maji matupu kama maji ya mchele, tafuta sentere ya afya mara moja.

Mkifika kijijini, watoto watataka kuoga. Waulizeni wenyeji mahali pasipo mamba wala kiboko, na mkubwa mmoja asimame pale macho wazi, simu mfukoni. Mahali penye majani mengi na konokono, maji yaliyotulia, pana ugonjwa wa kukojoa damu ao kuharisha damu unaoitwa bilarizia. Mtoto akirudi mjini na dalili hizo, mlete hapa. Dawa iko.

MAULIZO YA WAMAMA

“Bwana yangu ameshalipa, atakasirika nikikataa.” Mwambie leo jioni, nyumbani, si kule kwenye kivuko. Mwambie: kwa kilo walitufundisha, tukikuta mashua imejaa tutangojea. Mkipatana mbele, hakuna atakayeona haya mbele ya watu.

“Mashua ni ile moja tu kwa juma.” Ninajua. Basi waendeeni wenye mashua wote pamoja, wamama kumi, mwombe wapunguze magunia. Na kama kivuko kina ofisi ya serikali inayoangalia vyombo vya maji, pelekeni neno pale. Wakikataa, mjomba aliyekufa hatakasirika mkichelewa. Wazima ndio watawahitaji.

“Mimi ninajua kuogelea, nimezaliwa Kilwa.” Aksanti kwa Mungu, mama. Lakini watoto wako wamezaliwa Makomeno. Wafundishe, mahali pasipo kina, wakati wa vakansi hii.

Wamama wapenzi, mvuvi yule alimtoa mtoto wetu bila kuuliza jina lake. Sikuweza kumlipa. Ninamlipa kwa maneno haya, kila mwaka, mbele ya masomo kufungwa. Mkirudi nyumbani, mbele ya kupika, fanyeni kitu kimoja: chukueni kikwembe cha safari na mfunge ndani yake falanga ya kulala. Siku ile watakapowacheka kando ya maji, gusa fundo lile na useme, “Sipandi.”

Mwende salama, mrudi wote. Mwezi wa tisa nitahesabu watoto hapa kwenye kilo.